Fomu Tatu Zilizosema Mimi Mzima

Kwenye bahasha ya kaki ninayohifadhia vyeti nina nakala za fomu tatu za uchunguzi wa afya. Ya kwanza ni ya kujiunga kidato cha tano, ya pili ya chuo, ya tatu ya kuanza kazi. Zote zina muhuri na sahihi ya daktari, na zote zinasema mimi ni mzima. Ile ya kwanza ilinichukua dakika nne baada ya asubuhi nzima ya foleni. Daktari aliniuliza kama nina kifafa, nikasema hapana. Pumu? Hapana. Akagonga muhuri. Ile ya tatu daktari mwenyewe sikumwona. Nesi aliingia nayo chumbani akatoka nayo imegongwa, wino haujakauka.

Siku ya muhuri wa kwanza nilikuwa na miaka 18, na upande wa kushoto wa korodani zangu palikuwa na kitu ambacho ukikishika ni kama tambi zilizopikwa zikafungwa kwenye mfuko. Vitabu vya udaktari vinasema mfuko wa minyoo. Nilikuwa nakijua tangu kidato cha pili. Nikisimama muda mrefu mstarini, au jioni baada ya mpira, upande ule ulikuwa mzito, unavuta kwa chini. Nikilala kinapotea. Na kitu kinachopotea ukilala ni rahisi sana kukisamehe.

Nilimwambia mtu mmoja tu, rafiki yangu wa bweni, usiku taa zimezimwa. Akasema, "Ngiri hiyo. Acha maji baridi." Likizo nikamgusia babu kwa kuzunguka zunguka, naye akasema ni mshipa, akanichemshia mizizi michungu ambayo niliinywa siku tatu kwa heshima yake. Sio ngiri na wala sio mshipa aliokuwa anausema babu. Ila simlaumu. Kwa mtu wa pwani, chochote kinachovimba pale chini kina majina mawili au matatu tu, na kila jina lina dawa yake kwenye chupa ya soda.

Jina lake ni varikoseli. Ni mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani, iliyotanuka na kujikunja kama ile ambayo baadhi ya mama zetu wanayo miguuni. Busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko, na huku kwetu mengi yanaletwa na minyoo wa matende wanaosambazwa na mbu. Ngiri ni utumbo kupenya mahali usipotakiwa. Varikoseli ni damu iliyotakiwa kupanda, ikashindwa, ikarudi na kutuama. Kwa nini kushoto? Kwa sababu tu ya jinsi tulivyoumbwa. Mshipa wa kulia unapanda na kumwaga damu moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa wa tumboni. Wa kushoto una safari ndefu zaidi, unakwenda hadi kwenye mshipa wa figo na kuingia kwa pembe mraba, kama kichochoro kinachoingia barabara kuu. Ndani ya mishipa hii kuna vilango vya kuzuia damu isirudi. Vilango vikilegea, damu inashuka. Daktari wa Kirumi aliyeitwa Celsus aliandika habari ya mishipa hii iliyovimba karne ya kwanza, akaona hata kwamba korodani ya upande huo huwa ndogo kuliko mwenzake. Karne ya kwanza. Mimi nimezaliwa miaka ya tisini na bwenini kwetu hakuna aliyekuwa na habari.

Korodani hazikuning'inizwa nje kwa bahati mbaya. Mbegu za kiume hutengenezwa vizuri kwenye joto la chini kidogo kuliko la mwili, nyuzi mbili hadi nne pungufu. Damu ya moto ikituama pale mwaka baada ya mwaka, kiwanda kinafanya kazi kwenye jiko. Mbegu zinapungua, zinazobaki zinaogelea vibaya, nyingine zinatoka na umbo bovu au na vinasaba vilivyokatika. Kwa kijana ambaye bado anakua, korodani yenyewe inaweza kuchelewa kukua. Hali hii ni nadra kabla ya miaka kumi. Inaanza na balehe, na mvulana akifika miaka 15 au 16 uwezekano wa kuwa nayo unakaribia wa mtu mzima, yaani wanaume kama 15 katika kila mia. Bweni letu lilikuwa na vitanda 40. Piga hesabu mwenyewe: sita. Huenda hata yule aliyeniambia niache maji baridi.

Haraka niseme jambo moja kabla hujaanza kujipapasa kwa hofu: wengi wa hawa 15 watazaa bila shida yoyote. Lakini ukienda kwa wanaume wanaohangaika kupata mtoto, unaikuta kwa watu 35 hadi 40 katika mia. Hakuna sababu nyingine ya tatizo la uzazi wa mwanaume inayoonekana mara nyingi hivyo na ambayo inaweza kurekebishwa.

Mimi niliyajua haya nikiwa na miaka 31, na aliyelipa gharama ya kuyajua ni mke wangu.

Tulifunga ndoa, mwaka ukapita. Mama akaanza kuuliza kwa upole, kisha shangazi akauliza bila upole. Wote walimuuliza yeye, mimi hakuna aliyenisogelea. Akaenda hospitali. Akapimwa damu, akapimwa homoni, akapewa vidonge vya kupevusha mayai vilivyomfanya aamke usiku amelowa jasho. Akapelekwa kupigwa picha ya mirija. Kama hujui kipimo hicho, mwanamke analazwa kwenye meza ya eksirei, anaingiziwa dawa kwa mrija hadi kwenye kizazi ili waone kama inapita. Alitoka amejikunja, ameshika ukuta. Mirija ilikuwa wazi. Wakamwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Mimi nilikuwa wapi? Kwenye benchi nje, naangalia matokeo ya mpira kwenye simu. Kila safari nilikuwa mume mwema. Nilimpeleka, nilimsubiri, nilimnunulia juisi ya miwa tukitoka. Majirani walinisifu. Miezi 19 nzima hakuna daktari aliyeniita ndani, na mimi sikuomba kuitwa. Tulikuwa tumekubaliana wote, hospitali na familia na mimi mwenyewe, bila kikao, kwamba tatizo lina jinsia.

Siku moja zamu ilikuwa ya daktari wa kike, kijana, pengine mdogo kwangu. Alipekua faili la mke wangu hadi mwisho, akarudi mwanzo, akauliza, "Na mwenzako amepima?" Wakaja kuniita.

Nilipewa kikopo na kuelekezwa chooni. Majibu yalikuwa milioni nne kwa mililita. Kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 ni milioni 16. Nikarudia kipimo, kwa sababu kimoja hakitoshi. Zikaja milioni tatu na nusu. Nikapelekwa kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, mzee mmoja mwenye miwani shingoni. "Shikamoo daktari." "Marahaba. Vua." Akanisimamisha. Hii hupimwa mtu akiwa amesimama, maana ukilala damu inashuka na ushahidi unaondoka nayo. Akaniambia nifunge pumzi na kusukuma kama mtu anayejisaidia. Vidole vyake vilikaa pale sekunde kumi, haizidi.

"Hii unayo tangu lini?"

"Tangu shule."

"Shule hawakukupima?"

"Walinipima," nikasema. Nikakumbuka bahasha ya kaki.

Njiani mke wangu hakusema neno kutoka hospitali mpaka tulipokwama kwenye foleni ya Ubungo. Hapo akauliza, akitazama mbele: "Ulikuwa unajua?" Nikamwambia nilijua kuna kitu, ila sikujua maana yake. Akanyamaza tena. Kisha akasema, "Mimi nimelazwa pale mezani, na wewe ulikuwa unajua kuna kitu." Hakulia wala hakupandisha sauti. Sina jibu la sentensi ile hadi leo, na makala haya sio jibu.

Lakini nina hasira, na hasira yangu inaanzia kwenye zile fomu.

Shuleni kwetu wasichana walikuwa wanapimwa mimba. Wakifungua shule wanapangwa, wanakabidhiwa vikopo, na ole wake atakayekutwa. Yaani shule iliyokuwa na hamu ya kujua kilichomo ndani ya kizazi cha binti wa miaka 16 haikuwahi kuwa na sekunde kumi za kumwambia mvulana avue suruali. Sisemi na wavulana wadhalilishwe vilevile ili tulingane. Nasema mwili wa msichana ulikaguliwa ili ahukumiwe, na wa mvulana ukaachwa ili asisumbuliwe, na hapo katikati hakuna mtu aliyekuwa anashughulika na afya.

Tazama hata maneno tuliyonayo. Asiyezaa akiwa mwanamke ni tasa. Mwanaume asiyeweza tendo ni hanithi. Mgumba, kamusi inakupa mtu yeyote asiyezaa, ila mtaani kwetu sijawahi kusikia mwanaume akiitwa hivyo. Sasa mwanaume mwenye tendo timamu na mbegu milioni nne anaitwaje? Hana jina. Na kwa kuwa hana jina, hayupo. Ndiyo maana kila nguzo ya umeme kutoka Kariakoo hadi Mbagala ina karatasi iliyoandikwa NGUVU ZA KIUME, NGIRI, BUSHA, na namba ya simu. Mwenye tatizo kama langu akipiga namba ile atauziwa unga wa kumsimamisha, na yeye anasimama vizuri tu. Varikoseli mara nyingi haigusi kabisa uwezo wa tendo. Huu mchanganyiko wa nguvu na uzazi ndio unaotuua: mwanaume anajipima kitandani, anajiona amefaulu, anahitimisha kwamba mwenye kasoro ni mwenzake.

Na nyinyi wa jimu msicheke. Kuna vijana wanachomwa sindano za testosteroni kwa ajili ya vifua, wanaamini wanaongeza uanaume. Testosteroni ya kuchomwa inauambia ubongo kwamba kazi imeisha, na korodani zinaweza kuacha kabisa kutengeneza mbegu. Nimekaa benchi moja na kijana wa namna hiyo pale kliniki. Mikono kama ya bondia, majibu yake sifuri.

Nimeyasema haya kwenye meza za chakula na nimeshapewa pingamizi mbili. Ya kwanza inatoka kwa binamu yangu, ambaye ni daktari, kwa hiyo naiheshimu. Anasema: wengi wenye hali hii hawatapata shida; ukiwapima wavulana wote utawajaza hofu, na hofu ina wateja wake. Kesho utaona kliniki binafsi inamkata kila mvulana mwenye mshipa mmoja uliolegea.

Ana haki ya kuogopa, maana wapo watakaofanya hivyo kwa furaha. Ila mimi siombi kisu, naomba mkono. Mshipa ambao hauonekani wala haushikiki, umeonwa na mashine tu, hauna haja ya kupasuliwa. Kijana ambaye korodani zake zinalingana na hana maumivu anaambiwa jina la kitu alichonacho na kutakiwa arudi mwakani apimwe tena ukubwa. Upande mmoja ukiwa mdogo kuliko mwenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, hapo mazungumzo yanabadilika. Aliyeoa na anatafuta mtoto anapima shahawa mwanzoni kabisa, wiki ileile mkewe anapopima damu. Na yule ambaye uvimbe umemtokea ghafla ukubwani, au uko kulia peke yake, au haupungui akilala, huyo atazamwe tumbo na figo bila kuchelewa, maana kuna wakati mshipa unabanwa na uvimbe ulioko juu. Kujua yote haya kunahitaji vidole vya daktari, chumba chenye mlango unaofungwa, na basi. Kama hofu ndiyo tatizo, basi mimi niliishi na hofu miaka 15 bila kupimwa. Niliificha bwenini, bafuni, hadi kwenye chumba changu cha ndoa.

Pingamizi ya pili ni kwamba mila zetu haziruhusu kuongelea mambo hayo. Hii siiheshimu. Tumetoka kwenye jando. Babu zetu waliketishwa porini wiki nyingi na watu wazima wakafundishwa viungo vyao kwa majina, kwa nyimbo, bila kupepesa. Sisi tumechukua kisu cha jando tukakipeleka hospitali, sawa, ni salama zaidi, lakini maneno yote tumeyaacha porini. Siku hizi mvulana anakatwa dakika ishirini, anapewa dawa za maumivu, anarudi nyumbani. Kama kuna siku moja ambayo tayari kavua nguo mbele ya mtu mwenye glavu, ni siku hiyo. Umri wake ukiruhusu, mshike pande zote mbili. Akiwa bado mdogo, mwambie mzazi wake amrudishe akishabalehe.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema mtu mmoja katika kila sita duniani hukumbana na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Katika karibu nusu ya wenzi wanaokosa mtoto, mwanaume ana sehemu yake. Nusu! Sasa nenda kliniki yoyote ya uzazi asubuhi ya Jumatatu, hesabu nani wako kwenye foleni na nani wako nje kwenye magari.

Mimi nilipasuliwa. Njia ya siku hizi ni kukata sehemu ndogo kwenye kinena, na daktari anatumia darubini ili afunge mishipa mibovu bila kugusa mshipa unaoleta damu wala ile inayopitisha maji ya mwili, maana ukifunga hiyo ya maji unaweza kumletea mtu busha. Nilirudi nyumbani siku iliyofuata nikitembea kama mtu aliyebeba mayai. Kisha ni kusubiri, kwa kuwa mbegu moja inachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, kwa hiyo hakuna jibu la haraka. Kipimo cha miezi mitatu kilikuwa milioni saba. Cha miezi sita, milioni 11. Wapo wanaopanda zaidi ya hapo, na wapo ambao hawapandi kabisa. Takribani watu watatu kati ya kumi hubaki palepale. Mtoto bado. Mzee wa miwani anasema ningekuja nikiwa na miaka 18 angekuwa na mengi zaidi ya kuniahidi, halafu akajirekebisha, akasema hata hivyo asingeniahidi kitu. Namshukuru kwa kujirekebisha.

Mama sasa anajua. Nilimwambia mwenyewe, sebuleni, mke wangu akiwepo. Shangazi nilimpigia simu. Alikaa kimya, kisha akauliza kama nina hakika hospitali haikubadilisha vikopo.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa mwisho, anayeishi nasi, amechaguliwa kidato cha tano. Akaniletea fomu niione. Karatasi ileile, ila sasa imechapwa kwenye kompyuta: macho, masikio, kifua, tumbo. Tukaenda wote. Foleni ilikuwa ileile, korido ileile ya watoto wenye fomu mkononi. Zamu yetu ilipofika niliingia naye, daktari akadhani mimi ni mzazi.

"Una kifafa?"

"Hapana."

"Pumu?"

"Hapana."

Mkono ukaenda kwenye muhuri. Nikasema, "Samahani daktari, hujampima." Akanitazama. Nikamweleza kwa sentensi mbili, sauti ikinitetemeka kuliko nilivyotarajia. Alichungulia foleni kupitia mlango uliokuwa wazi, akatazama saa ya ukutani, akashusha pumzi. Kisha akainuka, akafunga mlango, akavuta glavu kwenye boksi.

Nilisubiri nje, kwenye benchi. Mdogo wangu alitoka akipita mbele yangu bila kusimama, fomu imekunjwa mara nne. Tulifika hadi kituoni ndipo akageuka.

"Kaka umeniaibisha," akasema. "Sana." Daladala ikaja, akapanda kwanza, akanishikia siti.